Kitanda cha mwenzako hakijulikani kwa dakika kumi

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii nimeifundisha kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na katika muda wote huo nimekuwa nikiifafanua kwa namna moja tu, kwamba mtu asiihukumu tabu asiyoionja. Sikupata kujiuliza swali lililonijia majuzi nikiwa Kaptagat, chai ikinipoa mkononi: je, mtu akilazwa juu ya kitanda hicho kwa dakika kumi, tena mchana kweupe, atakuwa amewajua kunguni? Kila aliyewahi kulala bwenini anafahamu kwamba mdudu huyo hungoja taa izimwe.

Kaptagat, kwa msomaji asiyepafahamu, ni sehemu ya nyanda za juu iliyo mwendo mfupi wa gari kutoka Eldoret. Mwinuko wake ni kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Msitu umejongea hadi ukingoni mwa barabara, na asubuhi ukungu huwa mzito kiasi kwamba wakimbiaji husikika vishindo vya viatu vyao kabla hawajaonekana. Walimwengu wanapajua kwa ajili ya kambi ambayo Eliud Kipchoge amefanyia mazoezi kwa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, na ambako, kama walivyokwisha kuandika waandishi wengi wa michezo, bingwa huyo wa Olimpiki hushika ufagio na kuosha choo zamu yake inapofika. Mimi si mkimbiaji. Nilikwenda kwa mwaliko wa walimu wa shule moja ya upili, ambayo sitaitaja, nizungumze nao Jumamosi moja kuhusu ufundishaji wa ngeli.

Ngeli tulizimaliza kabla ya chakula cha mchana. Baada ya hapo mwalimu mmoja kijana, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu chuoni, aliomba ruhusa atuonyeshe kitu. Kwanza alieleza kisa ambacho wenzake walikuwa wakikijua na mimi sikukijua. Muhula uliotangulia, mwanafunzi mmoja alikuwa amepigwa usiku bwenini. Kosa lake, kwa maneno ya waliompiga, ni kwamba hatembei wala hazungumzi kama mvulana, na kwamba alipoulizwa yeye ni nani hasa, alitoa jibu ambalo hawakulipenda. Alipelekwa nyumbani apumzike. Waliompiga walipewa adhabu ya kulima, wakalima, wakamaliza. Sasa alitarajiwa kurudi, na kamati ya ushauri nasaha ilikuwa ikitafuta la kuwaambia wavulana wale, maana mihadhara walikwisha kuisikia na kuisinzilia. Kijana wetu alidhani amepata dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa maboksi mawili ya katoni, kila moja likiwa na lenzi mbili mbele ya macho, nafasi ya kuchomeka simu, na mpira wa kulifunga kichwani. Kamera ya simu ya kwanza ilipeleka picha kwenye simu ya pili, na ya pili kwenye ya kwanza. Kwa hivyo watu wawili wakiketi wakitazamana, kila mmoja na boksi lake usoni, kila mmoja huona kile ambacho macho ya mwenzake yangekiona. Ukiinamisha kichwa utazame mapaja yako, na mwenzako akainamisha chake wakati huo huo, utayaona mapaja yake mahali pa yako. Sharti ni mwende pamoja, polepole, bila mmoja kumkokota mwingine. Akipotea mmoja, mazingaombwe huvunjika.

Waliojitolea walikuwa mwalimu wa hisabati, mzee wa kanisa mwenye umri wa miaka hamsini na ushei, na mwalimu wa jiografia, mama wa makamo ambaye wote walimwita Madam. Tulicheka, bila shaka. Mwalimu wa hisabati aliinua mkono akaona mkono mwembamba wenye bangili ya shaba. Akainama, akaona sketi. Hapo akabana magoti. Hakuna aliyemwambia ayabane. Madam alitueleza baadaye kwamba aliona magoti ya mwanamume yakikutana mbele yake kama ya msichana aliye ibadani, naye akayabana yake upesi wasije wakaachana. Kicheko kilikatika. Kutoka ndani ya boksi mzee aliuliza, kwa sauti ambayo nadhani hakukusudia tuisikie, "Nani amenifundisha kukaa hivi?"

Walipovua, alimtazama mwenzake kwa haya. "Madam," alisema, "ile bangili nimeiona vizuri. Inapendeza."

"Umeiona, Mwalimu," alijibu, "lakini hukuhisi inavyobana. Haijavuka kiganja hiki tangu nimzae kitindamimba wangu."

Ubunifu huu si wa kijana wetu, wala yeye hakudai. Kundi la wasanii na watafiti liitwalo BeAnotherLab, lililoanzia Barcelona nchini Uhispania, lilijulikana kote duniani mwaka 2014 kwa jaribio la namna hiyo hiyo, la mwanamke na mwanamume kubadilishana miili kwa macho. Chanzo cha kisayansi ni cha zamani zaidi. Mwaka 1998 Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walichapisha makala fupi katika jarida la Nature. Walikuwa wameficha mkono wa mtu nyuma ya kizuizi, wakaweka mkono wa mpira mbele ya macho yake, kisha wakaipapasa mikono yote miwili kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya dakika kumi watu wengi walisema wanahisi brashi kwenye mpira, kana kwamba mpira ule ni nyama yao. Ubongo, inavyoelekea, hauulizi cheti cha kuzaliwa. Ukiletewa picha na mguso vinavyoafikiana, hukubali. Mwaka 2010 Mel Slater na wenzake, huko huko Barcelona, waliwaingiza wanaume katika mwili wa msichana uliochorwa kwa kompyuta, na mioyo ya wanaume wale ikaitikia tishio lililomfika msichana huyo.

Kuna jambo moja ambalo kwalo mimi ni mtetezi wa boksi. Mwaka 2018 watafiti wa Barcelona walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanaume waliopatikana na hatia ya kuwapiga wake au wapenzi wao. Kabla ya jaribio, wanaume hao walikuwa na upungufu wa ajabu: walipoonyeshwa uso wa mwanamke mwenye hofu, walielekea kuusoma kuwa uso wa furaha. Kisha wakavishwa mwili wa mwanamke katika chumba cha kubuni, na mwanamume wa kubuni akawajia, akawakaripia, akawasogelea hadi usoni. Walipotoka, uwezo wao wa kuitambua hofu katika uso wa mwanamke ulikuwa umeongezeka. Msomaji na atafakari maana ya hayo. Mtu anaweza kuishi na mwanamke kwa miaka asijue kwamba anamwogopa, kwa sababu hajui kuusoma uso ulio mbele yake, kama asivyojua kusoma herufi mtu ambaye hakufundishwa.

Sisi wa Bonde la Ufa hatuna haja ya kuelezwa kwa nini jambo hili ni zito. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten mnamo Oktoba 2021, wiki chache baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita kumi katika mbio za wanawake pekee. Rebecca Cheptegei wa Uganda alichomwa moto katika kaunti ya Trans Nzoia na kufariki hospitalini Eldoret mnamo Septemba 2024, wiki chache baada ya kukimbia kwenye Olimpiki za Paris. Ikiwa boksi la katoni laweza kumfundisha kijana mmoja wa Kaptagat kuisoma hofu kabla hajaoa, basi na liletwe, na lenzi zinunuliwe hata kwa fedha za mahafali.

Lakini kilichoulizwa Jumamosi ile kilikuwa kitu kingine, na hapa ndipo nilipoanza kusitasita. Mwaka 2015 mtengenezaji filamu wa Marekani, Chris Milk, alisimama jukwaani na kukiita chombo hiki mashine ya kutia huruma. Alikuwa ametengeneza filamu ya kuvaa usoni kuhusu msichana Sidra, mkimbizi wa Syria katika kambi ya Zaatari nchini Jordan. Neno lile limeenea. Sina ugomvi na filamu yake. Ugomvi wangu ni na huruma, neno ambalo katika Kiswahili lina mwinuko ndani yake: humshuka aliye chini kutoka kwa aliye juu. Mwenye nacho humhurumia asiye nacho. Kijana aliyepigwa bwenini, kwa nilivyosikia habari zake, hakuwa ameomba kuhurumiwa. Alikuwa ameulizwa swali na kulijibu.

Fikiri, ewe mwalimu mwenzangu, ni nini hasa ambacho wavulana wale hawakukielewa. Uchungu wa ngumi wanaujua; hakuna mvulana wa shule ya bweni asiyeujua. Wasichokielewa ni lile jibu: kwamba mtu aweza kuwa na mwili ambao kila jicho linausoma kwa namna moja, naye ndani akajijua kwa namna nyingine. Sasa leta boksi. Wavishe. Watakapovua, yule mwerevu miongoni mwao, na kila darasa lina wake, atanyoosha mkono aulize: ikiwa Mwalimu wa hisabati ameizoea sketi kwa dakika kumi hadi akabana magoti, mbona mwenzetu ameshindwa kuuzoea mwili wake mwenyewe kwa miaka kumi na sita? Swali hilo ni la haki, nalo latoka ndani ya boksi lenyewe. Boksi limemwonyesha kwamba mwili ni vazi jepesi, na ubongo hulikubali upesi.

Waishio hali hiyo husema kinyume cha hayo. Wanasema miaka hupita na vazi halikai. Yule mzee aliweza kucheza na mwili wa Madam kwa sababu wake ulikuwa ukimngoja nje ya katoni, salama salimini, na hakuwa na shaka nao hata kidogo. Jaribio zima husimama juu ya uhakika huo, na uhakika huo ndio hasa anaoukosa mtu tunayedai kwamba tumeingia mahali pake. Kwa hivyo boksi humfikisha mvulana kwenye mlango wa chumba, likamwonyesha kitanda, likamwambia kwamba amekwisha kulala.

Nikiwa mwanaisimu, nilijikuta nikiwaza kuhusu maneno badala ya lenzi, na huenda huo ni udhaifu wa fani yangu. Hata hivyo ni nani asiyeona kwamba jambo hili tunalipatia shida kwenye ulimi kwanza? Kiswahili kina neno la kale, huntha, la mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume tupu wala ya kike tupu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu hao kwa mara ya kwanza, ikapata 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikamtaja mtoto wa namna hiyo. Neno tulilirithi, basi sheria ilipata pa kulishika. Kwa yule ambaye maumbile yake hayana utata bali nafsi yake ndiyo isiyoafikiana nayo, hatuna neno lililotulia. Tunasema aliyebadili jinsia, hata kama mwenyewe anasisitiza kwamba hakubadili lolote. Mengine yasemwayo vijiweni siwezi kuyaandika katika gazeti.

Na bado lugha hii hii ina ukarimu ambao wazungumzaji wa Kiingereza wanauhangaikia. Mwalimu amefika, anaketi, mpe chai. Hakuna katika sentensi hizo kinachofichua kama aliyefika ni mwanamume au mwanamke. Kiambishi a- kinamtosha kila mtu, na yeye ni yeye. Mahali ambapo sarufi yetu hukaza kamba ni kwenye kitenzi oa: mume huoa, mke huolewa, na kauli ya kutendwa hubeba jinsia nzima mgongoni. Wakalenjin nao hukaza kwenye majina. Aliyezaliwa jioni ni Kiplagat akiwa mvulana, Jeplagat akiwa msichana. Silabi moja mbele ya jina hutangaza kila kitu kabla mwenye jina hajafungua kinywa. Naam, mambo hayanyooki hivyo daima. Joshua Cheptegei wa Uganda, mshindi wa Olimpiki, ni mwanamume, na Faith Chepngetich Kipyegon amebeba viambishi vyote viwili kwa sababu mojawapo ya majina ni la upande wa baba.

Lakini desturi ya huko huko ina mlango ambao wengi wa wanafunzi wangu hawaujui. Miongoni mwa Wanandi na jamaa zao, mwanamke aliyefikia umri mkubwa bila kupata mtoto wa kiume aliweza kuoa. Nasema kuoa, na si kuolewa. Alitoa mahari, akaleta mke nyumbani, na watoto waliozaliwa na mke huyo walikuwa wake kama baba, warithi wa mali ya nyumba yake. Mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler alichapisha mwaka 1980 uchunguzi wake kuhusu ndoa hizo, akiuliza kama mume huyo wa kike ni mwanamume. Wanandi walimjibu bila kupepesa macho kwamba ndiyo, amepandishwa, ni mwanamume. Ingawa yeye aliona kwamba katika shughuli za kila siku wengi wao waliendelea na mengi ya mazoea yao ya awali. Ndoa ya namna hii ilifika hadi Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2011 katika shauri la urithi, na mahakama ikaitambua.

Nisieleweke vibaya. Bibi zetu wale walioa kwa ajili ya mali na jina la nyumba, hapakuwa na mapenzi ya kimwili kati yao na wake zao, na hakuna aliyewauliza wanavyojihisi nafsini. Siwakodishi kama mashahidi katika kesi isiyo yao. Ninachokitazama ni utaratibu. Jamii haikuhitaji kuvaa mwili wa mama yule ili imkubali kama mume. Ilibadili kitenzi. Watu waliambiwa, huyu sasa ameoa, huyu ni baba wa watoto hawa, nao wakaanza kusema hivyo, na wajukuu wakakua wakisema hivyo hivyo.

Mahakama zetu, nazo, zimekuwa zikishughulika na herufi zaidi ya hisia. Mwaka 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi ililiamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua cheti kipya cha kidato cha nne chenye jina analolitumia, na kisicho na alama ya jinsia. Cheti hicho kilikuwa kimemzuia kupata kazi, kwa kuwa kila mwajiri alimwona mtu mmoja mlangoni na mwingine kwenye karatasi. Mnamo Agosti 2025 ilikuwa zamu ya Mahakama Kuu ya Eldoret, mjini kwetu hapa, katika kesi ya mtu aliyekamatwa mwaka 2019 na kufanyiwa uchunguzi wa mwili kwa lazima ili ithibitishwe yeye ni nani. Mahakama iliona kwamba utu wake ulivunjwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni moja, na ikaitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu wa hali hiyo. Mwalimu aweza kuyakubali maamuzi hayo au asiyakubali. Hata hivyo orodha ya darasa ataisoma kesho asubuhi, akubali asikubali.

Niongeze neno moja kabla sijarudi Kaptagat. Chombo hiki tumeanza kukiita uhalisia pepe, na jina hilo lilinichekesha, kwani katika sikio la mtu wa pwani pepe iko karibu sana na pepo. Katika ngoma za pepo, ambazo wanafunzi wangu wa bara huziona kuwa ushirikina mtupu, mwanamke mnyenyekevu aweza kupandwa kichwani na pepo wa kiume, akanguruma kwa sauti nzito na kudai kanzu na kofia. Hao nao ni watu waliokwisha kuvaa jinsia nyingine, bila lenzi wala simu. Lakini tazama afanyavyo mganga. Hamvamii. Hamwambii kwamba anamjua. Humwuliza jina: u nani wewe, umetoka wapi, wataka nini? Na shughuli haiendelei hadi aliyepanda ajitaje mwenyewe.

Hayo yote niliyasema katika ukumbi ule, kwa ufasaha mkubwa kuliko nilivyoyaandika hapa, maana chai ilikuwa nzuri na walimu walikuwa wasikivu. Niliwashauri wasiliwekee boksi matumaini yasiyolistahili. Walitumie, ikiwa watalitumia, kwa somo la hofu na heshima kati ya wavulana na wasichana. Kuhusu aliyepigwa, niliwaambia, mwulizeni anataka aitweje na alale wapi, kisha mshike neno lake kabla hamjatafuta njia ya kuwafanya wengine walihisi. Naibu wa mwalimu mkuu alikiri kwamba katika barua zote walizomwandikia mzazi hapakuwa na swali hata moja kwa mwanafunzi. Mwalimu wa hisabati aliandika jambo katika daftari lake. Nilishukuriwa, nikapigiwa makofi.

Kijana mwenye maboksi alinisindikiza hadi kwenye gari. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka tena. Alisimama akiwa ameshika katoni zake chini ya kwapa, akasema kwa adabu, "Daktari, nilikuwa darasani siku ile." Sikuhitaji kuuliza siku gani.

Yapata miaka minane sasa, katika chuo ambacho hakihusiki na kosa langu, mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini. Jina lake la kati lilianza kwa kimojawapo cha viambishi vile viwili. Sitasema ni kipi, na nashukuru kwamba Kiswahili chaniruhusu kusimulia kisa kizima bila kumfichua. Alisema, "Daktari, naomba jina langu la kati usilisome darasani." Nilimjibu kwamba orodha hutoka kwa msajili, na kwamba jina la mtu ni amana ya ukoo wake. Akasema, "Sikuombi uibadili orodha. Nakuomba uniite..." Nikatazama saa. Nilikuwa na kipindi baada ya dakika tano. Nilimwambia tutazungumza siku nyingine.

Kesho yake niliiita orodha. Nilipofika kwake nilisoma majina yote matatu, moja baada ya jingine, kwa utulivu, kama mtu anayetaka sheria ionekane inatendeka. Nyuma ya darasa kulikuwa na waliocheka. Yeye aliitika "Nipo." Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kutoka kwake. Wiki mbili baadaye nilianza kuandika hayupo mbele ya jina lile, nami nikaendelea kuandika hivyo hadi muhula ulipokwisha. Daftari hilo ninalo bado.

Kwa msaada wa yule kijana nimepata anwani ya posta ya mji anaoishi. Barua nimekwisha kuiandika, kurasa mbili, na sehemu yake kubwa nimeiweza, kwa kuwa ndani ya barua wewe humtosha mtu yeyote. Bahasha ndiyo iliyonishinda. Mwanaisimu aliye ndani yangu alidhani ni suala la kubadili silabi moja mwanzoni mwa jina, akaiandika hivyo, kisha akaifuta, kwani huenda alitaka jina jingine kabisa, nami nilimkatiza kabla hajalitaja. Bahasha ipo mezani, ina stempu, ina sanduku la posta na mji. Mahali pa jina bado ni peupe.